Neno "Klad" na Mali Iliyofichwa Ardhini

Asikiaye kwamba neno la Kirusi "klad" hufasiriwa kuwa ni hazina iliyofichwa, huenda akadhani ndani yake mna dhahabu au vito. Havimo. Asili yake ni kitenzi cha kale cha lugha za Kislavi chenye maana ya kuweka au kulaza. Na "klad" ni kilichowekwa, basi.

Mzizi huo umezaa ukoo mkubwa. Kwa Kirusi ghala ni "sklad", chumba cha akiba ni "kladovaya", na makaburi huitwa "kladbishche", yaani mahali pa kulaza. Hazina kwa Wacheki ni "poklad", na kwa Waslovenia ni "zaklad". Lakini mgeni ajihadhari, kwani "zakład" ya Kipolandi ni kiwanda, au hata dau la wenye kubishana! Nje ya ukoo huo, Walithuania nao wana kitenzi "kloti", kutandika.

Hivyo neno lataja tendo la mtu, wala si thamani ya kitu. Aliyeweka, kwa kawaida, alikusudia kurudi. Mji wa Ryazan ya Kale uliangamizwa na majeshi ya Wamongolia mwezi wa Desemba 1237. Mwaka 1822 yalifukuliwa hapo mapambo ya dhahabu yaliyotiwa vito, ambayo kwa takriban miaka 600 hapakuwa na mtu wa kuyarudia.

Wakulima wa zamani walikuwa na maelezo yao. Mwenye kuzika mali, walisema, huifunga kwa sharti la siri, na asiyelitimiza haipati. Wengine waliutafuta usiku wa Ivan Kupala, katikati ya kiangazi, ili wachume ua la kangaga lenye kufunua kilichofichwa. Bahati mbaya kangaga haitoi ua kamwe. Huzaa kwa chembe ndogo mfano wa vumbi, zikaazo chini ya majani.

Sheria ya Urusi ya leo hugawa "klad" nusu kwa nusu kati ya mwenye ardhi na aliyeiona, isipokuwa wamepatana vingine. Vitu vya thamani ya kihistoria huwa vya Serikali, na hao wawili hulipwa pamoja nusu ya thamani yake. Lakini mtaalamu wa mambo ya kale hahitaji vitu peke yake: ataka kujua vililazwa kina gani, chomboni au sakafuni, na pamoja na nini. Mwenye pupa akishavikusanya mfukoni, habari hizo hazipatikani tena, hata vitu vyenyewe vikirudishwa vyote.