Ngumi za Riyadh zinafika Kasongo, habari ya kilalo haifiki Kabambare

Ukitaja ngumi mbele ya wazee wa hapa Kasongo, hawaanzi na mabingwa wa leo. Wanaanza na Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Pigano lilianza karibu saa kumi za usiku. Si kwamba watu wa Zaire walipenda kukesha: Marekani ilikuwa bado mapema, na picha zilipaswa kupita kwenye satelaiti hadi kwenye majumba ya sinema ya kule. Mobutu alitaka dunia iitazame nchi yake, na kila mpiganaji aliahidiwa dola milioni 5. Ali akamwangusha Foreman raundi ya 8.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Napenda ngumi, na siasa inanifuata hata nisipoitaka. Katika pigano lile naona jambo ninalokutana nalo kila siku: wenye mitambo ndio waliochagua saa, wenye uwanja wakafuata.

Leo pesa iko Saudi Arabia. Kule Riyadh, tarehe 28 Oktoba 2023, Mkameruni Francis Ngannou alimwangusha Tyson Fury raundi ya 3, lakini waamuzi wakampa Fury ushindi. Ndugu yetu Ilunga Makabu, aliyeshinda mkanda wa WBC Kinshasa Januari 2020, aliupotezea huko huko mbele ya Badou Jack, Februari 2023. Watu wanasema serikali ile inajinunulia jina zuri kwa ngumi. Sawa, lakini sisi Wakongomani tusicheke sana. Tuliwatangulia.

Mapigano hayo tunayaona hapa Kasongo. Kijana mwenye kibanda cha kuchajisha simu kwa sola anapakua video usiku, rezo ikiwa nyepesi, kisha watu wanapokezana kwa bluetooth. Kwenye teritwari ya Kabambare, mahali pengine matokeo yanafika na motari.

Hapo ndipo nilipokosea. Chama kimoja cha wasafirishaji kiliniomba tovuti ya kutoa habari za barabara ya Kasongo–Kabambare. Nikaipamba: foto kubwa, vitu vinavyotembea, maktaba mpya za JavaScript. Mjini ilifunguka vizuri, wakanipongeza. Mvua ikaja, kilalo kimoja kikabebwa na maji, tukaandika habari siku ile ile. Motari mmoja, amebeba mafuta ya ngazi, alijaribu kufungua ukurasa hadi mega zake zikaisha. Akaondoka bila kujua. Alilala njiani siku mbili, na bidoni mbili zikapotelea mtoni. Aliporudi hakunitukana. Aliniuliza tu: « Maneno yale ya kilalo yalikuwa na uzito gani? »

Nilihesabu. Maneno 450 ya Kiswahili ni kama kilobaiti 3. Foto moja tu niliyoiweka juu ilikuwa megabaiti 3, yaani uzito wa habari kama elfu moja za namna ile.

Wenzangu wa miji mikubwa wanakimbilia kila chombo kipya. Flash, ambayo zamani kila mtu alijifunza, ilizimwa mwishoni mwa 2020, na kazi nyingi zikafa nayo. Kurasa za HTML tupu za miaka ya 1990 bado zinafunguka.

Lakini wepesi hausaidii waya ikikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, ikarudi karibu majuma matatu baadaye. Kisha Starlink: ARPTC iliikataza Machi 2024, ikairuhusu Mei 2025, Goma na Bukavu zikiwa tayari mikononi mwa M23. Sahani moja inaweza kuhudumia mtaa mzima bila kungoja antena ya kampuni ya simu. Naifurahia, ila mwenye kuizima yuko mbali sana na Maniema. Na kusema bati ndani ya simu hizi hutoka kwenye kasiterite, ambayo sisi tunaichimba!

Tovuti ya barabara nimeiandika upya. Haina foto hata moja. Kila asubuhi mistari yake ya kwanza inatumwa pia kwa SMS kwa wamotari waliojiandikisha, na yule wa mafuta ndiye anayetuletea habari za upande wa Kabambare. Juzi alituma maneno manne: kilalo kimefungwa, piteni juu.