Themostati ya gari hubadilishwa, haitupwi

NI ada iliyozoeleka katika gereji nyingi nchini. Gari likianza kuchemka, fundi huing'oa themostati na kuitupa, kisha humwambia mwenye gari kwamba kifaa hicho kiliundiwa nchi za baridi na hakina kazi humu nchini. Ushauri huo umewatia wengi hasara.

Themostati ni vali ndogo inayodhibiti maji yanayopita kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta ambayo hutanuka inapopata joto na kusukuma kipini kinachoifungua. Injini ikiwa baridi, vali hujifunga ili maji yazunguke ndani ya injini pekee na kuipasha moto upesi. Katika magari mengi, vali huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 76 na 90 za Selsiasi, na aghalabu kiwango hicho huandikwa kwenye kifaa chenyewe.

Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto. Kompyuta yake, ikidhani gari ndilo kwanza limewashwa, huongeza petroli. Isitoshe, unyevu haukauki kwenye oili na vyuma huchakaa kabla ya wakati.

La ajabu ni kwamba gari hilo linaweza kuchemka zaidi. Themostati za magari mengi, zikiwemo za baadhi ya Toyota, zina kifuniko cha pili kinachoziba njia ya mkato pindi maji yanapopata moto. Zikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji hurejea kwenye injini bila kupitia rejeta. Madhara hudhihirika gari linapopanda mlima wa Mai Mahiu kuelekea Limuru likiwa na mzigo. Hedi gasketi ikiungua, gharama yake huzidi mara nyingi bei ya themostati mpya.

Mshale wa joto usiopanda hata baada ya safari ndefu huashiria vali iliyokwama ikiwa wazi. Ukipanda upesi, huku mpira wa juu wa rejeta ukiwa moto na wa chini baridi, yamkini vali imekwama ikiwa imefungwa.

Mwenye gari aliye na spana anaweza kuibadilisha nyumbani. Kwanza, injini ipoe kabisa, kwani kufungua kifuniko cha rejeta ikiwa moto kunaweza kumbabua mtu vibaya. Waya wa hasi wa betri uondolewe ili feni isijiwashe. Kisha maji ya rejeta yamwagwe kwenye beseni. Yakiwa na dawa ya kupozea injini, yawekwe mbali na watoto na mifugo, kwa sababu nyingi ya dawa hizo ni sumu yenye ladha tamu.

Baadaye mpira unaoelekea kwenye kasha la themostati ufunguliwe, na bolti za kasha zilegezwe. Kabla ya kuitoa, mkao wake utazamwe, kwa maana upande wenye springi huelekea ndani ya injini. Iwapo ina kitundu au kipini kidogo cha kutolea hewa, aghalabu hukaa juu. Nyuso za kasha zisafishwe, gasketi mpya iwekwe na bolti zikazwe kwa zamu bila nguvu nyingi.

Themostati mpya ijaribiwe kabla ya kufungwa kwa kuitumbukiza katika sufuria ya maji yanayopashwa moto. Jijini Nairobi maji huchemka kwa takriban nyuzijoto 94, hivyo vali ya nyuzijoto 82 yapasa kufunguka kabla hayajatokota. Isiyofunguka irudishwe dukani.

Hatimaye rejeta ijazwe polepole na waya wa betri urudishwe. Injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi, na maji yaongezwe hadi mapovu yaishe. Kifuniko kikisharudishwa, mshale uchunguzwe katika mwendo mfupi. Ukipanda hadi karibu na katikati na kutulia hapo, kazi imekamilika.