Wachora Vyombo vya Mbio (2): Gogo la Mwembe na Karatasi ya Kirby

Makala iliyopita ilieleza jinsi tanga linavyokivuta chombo kikabishana na upepo. Leo tumtazame anayekipa chombo umbo, kwa kuwa katika mashindano ya tanga mchoraji na baharia wakati mwingine ni mtu mmoja.

Tuanze na fundi wa ngalawa wa Mkoa wa Pwani, Tanzania. Kisarawe haina pwani tangu Mkuranga ilipomegwa kuwa wilaya, na Kibaha nayo iko bara. Hata hivyo zote mbili ni nchi ya miembe, na ngalawa huanzia kwenye mwembe. Anayetoka Kibaha akapitia Mlandizi na Makofia hufika Bagamoyo, na huko huukuta mti wa shambani umegeuka chombo. Gogo nene huchongwa kwa shoka na tezo mpaka ubaki mtumbwi mwembamba. Wembamba huo ndio mbio zake na ndio hatari yake: tanga likijaa upepo, mtumbwi mtupu hupinduka. Ndipo hufungwa miti miwili ya kukatiza, na kwenye ncha zake, kila upande, mrengu. Mrengu huo ni ubao uliolazwa mshazari. Chombo kinapoinama, ubao hukandamiza maji, na maji hukiinua. Wataalamu wengi huuhusisha muundo wa mirengu miwili na mabaharia wa Kiaustronesia waliofika Komoro na Madagaska.

Fundi hatumii karatasi. Mrengu ukikaa chini mno, hukokota maji na kupunguza mwendo. Ukikaa juu mno, chombo huinama sana kabla ya kupata msaada. Kipimo sahihi hujulikana majini, na hakuna siku inayokifichua kama ya mashindano, wenzako wanapokupita kwa upepo uleule. Basi hurudi ufukweni, hufungua kamba, huinua mrengu na kukaza upya.

Njia hiyohiyo aliipita Bruce Kirby, Mkanada aliyezaliwa Ottawa mwaka 1929. Kazi yake ilikuwa uandishi wa magazeti. Kuchora mashua hakukusomea darasani. Alishindana katika Olimpiki za 1956 na 1964 kwa mashua aina ya Finn, na za 1968 kwa aina ya Star. Mwaka 1958 alijichorea mashua aina ya International 14, yenye mabaharia wawili, kwa sababu alitaka yenye mbio kuliko alizokuwa akiziendesha.

Mwaka 1969 Ian Bruce alimpigia simu akitaka mashua ndogo inayoweza kubebwa juu ya gari. Kirby alianza kuichora wakiwa bado wanazungumza. Ikawa Laser: urefu mita 4.23, uzito wa bodi takriban kilo 59, tanga moja, baharia mmoja. Zimejengwa zaidi ya 200,000, na Olimpiki iliipokea mwaka 1996. Kirby alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 92.

Tofauti ya Kirby na fundi wetu inaanzia kwenye karatasi. Mchoro ukishawekwa, Laser zote hutoka sawa, na kanuni zinakataza kuzibadili. Kwa hiyo mbio zake hupima baharia peke yake. Magogo mawili ya mwembe hayafanani kamwe; mbio za ngalawa humpima nahodha pamoja na mchongaji, na ushindi ni wa wote wawili.

Karatasi hiyo ilileta pia malipo. Kirby alikuwa akilipwa kwa kila Laser iliyojengwa, hata akaingia mahakamani kuitetea haki hiyo. Fundi wa ngalawa hulipwa kwa chombo alichokichonga, basi. Umbo alilolivumbua likiigwa ufukwe wa pili, halimletei shilingi wala jina. Anayetaka kuitunza elimu hii na aanze hapo: apime ngalawa zinazoshinda, aandike vipimo, na aliandike jina la aliyezichonga.

Toleo lijalo: foromali, yaani mti unaobeba tanga, na kwa nini kuigeuza katikati ya mbio huwagharimu manahodha ushindi.