Mji Hujengwa kwa Ajili ya Nani?

Neno "maendeleo" ni neno tamu, na hakuna anayethubutu kulipinga. Lakini kila linapotamkwa mbele ya nyumba ya maskini, yafaa tuulize: ni maendeleo ya nani, na ni nani atakayeyalipia? Swali hili tumelikuta waziwazi katika filamu iitwayo The Fall of the I-Hotel, iliyotengenezwa na Curtis Choy na kutolewa mwaka 1983. Hii si hadithi ya kubuni. Ni habari ya mambo yaliyotokea kweli katika mji wa San Francisco, Marekani, na wanaosema ndani yake ni wale wale yaliowafika.

Katika miaka ya 1920 na 1930 vijana kwa maelfu walitoka Ufilipino, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Marekani, wakavuka bahari kwenda kutafuta kazi. Walivuna zabibu na mboga katika mashamba ya California, walitia samaki makoponi huko Alaska, walipika na kuosha vyombo mijini. Jasho lao lilitakiwa. Wao wenyewe hawakutakiwa. Wanawake wa kwao walikuwa wachache mno huko ugenini, na sheria za California ziliwazuia kuoa wanawake wa Kizungu mpaka mahakama ilipoyatengua makatazo hayo mwaka 1948. Mwaka 1934 Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu Wafilipino 50 tu kuingia kwa mwaka. Hivyo wengi wa vijana hao walizeeka bila mke wala mtoto.

Uzee wao ulipata kimbilio katika vyumba vidogo vya International Hotel, Kearny Street, katika mtaa ulioitwa Manilatown. Huko walijulikana kwa jina la "manong", neno la heshima ambalo kwao humaanisha kaka mkubwa. Mtu akikitazama chumba cha manong kwa jicho la mfanya biashara, ataona kitanda, meza na dirisha. Lakini mzee yule hakupanga chumba tu. Alipanga ujirani: kinyozi anayesema lugha yake, mkahawa wenye chakula cha kwao, na wenzi waliovuna naye mashamba yale yale. Kwa mtu asiye na jamaa, hao ndio jamaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wilaya ya mabenki ilianza kupanuka kuelekea mtaa huo. Nyumba zilibomolewa moja baada ya nyingine, na maghorofa ya maofisi yakapanda. Mnara wa Transamerica, wenye ghorofa 48, ulikamilika mwaka 1972 mwendo mfupi tu kutoka hapo. Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo, na katika ramani za wapanga mji mpangaji hakuwepo. Mwaka 1968 wapangaji wa I-Hotel waliambiwa wahame; mwenye nyumba alitaka kupafanya mahali pa kuwekea motokaa. Machi 1969 moto ulizuka katika jengo hilo na kuua wapangaji 3. Mwaka 1973 jengo likauzwa kwa kampuni nyingine, iitwayo Four Seas, nayo ikaendelea na kesi.

Wazee hawakukubali. Walijiunga katika chama cha wapangaji, na wanafunzi, wafanya kazi na watu wa makanisa wakasimama pamoja nao kwa miaka 9. Hata sherifu wa mji, Richard Hongisto, aliyepaswa kutekeleza amri ya mahakama, kwanza alikataa, akafungwa siku 5. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 1977 ni yeye huyo huyo aliyeingia na nyundo kubwa akivunja milango. Nje watu wapatao 3,000 walikuwa wamefungamana mikono kuuzunguka mlango. Polisi kwa mamia, wengine juu ya farasi, waliwavunja kwa virungu. Kulipokucha, wazee walikuwa barabarani. Kamera ilikuwepo, na ndiyo sababu leo hakuna awezaye kusema kwamba walihama kwa hiari yao.

Wako watakaosema kwamba mwenye nyumba alikuwa na hati, na hati ni sheria. Hatukatai kwamba hati ilikuwepo. Lakini sheria inayojua kupima kiwanja kwa futi, na haijui kupima miaka 40 ya kazi ya binadamu, ni sheria pungufu. Hata maendeleo yaliyotangazwa hayakuja upesi: jengo lilibomolewa, na mahali pake pakabaki shimo kwa miaka mingi. Watu waliondolewa kwa haraka, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa na haraka.

Wapangaji na rafiki zao hawakuacha kudai. Mwaka 2005, miaka 28 baada ya usiku ule, jengo jipya la International Hotel lilifunguliwa mahali pale pale, lenye nyumba 104 za wazee wenye kipato kidogo, na ukumbi wa kuhifadhi kumbukumbu za Manilatown. Huo ni ushindi, nao haukuletwa na huruma ya tajiri. Uliletwa na watu waliokataa kusahau.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba deni limelipwa. Wengi wa manong walikuwa wamekwisha kufa, mbali na mtaa wao. Nyumba inayojengwa upya haimrudishi aliyekufa akiisubiri. Kwa sababu hiyo mpangaji hana budi kuwepo mezani siku ramani inapochorwa, akiwa na chama chake na sauti yake, wala asingoje siku ya nyundo mlangoni. Mji wowote utakaowaita wafanya kazi kuujenga na kuulisha, kisha ukawaona takataka wakizeeka, hata uwe na minara mirefu namna gani, haujaendelea.