Msanii, Kibarua na Msimu wa Watalii

Mshika mbili, walinena wahenga, moja humponyoka. Methali hii yafaa kutafakariwa na kila mwalimu anayemshauri kijana mwenye kipaji cha ngoma, uchoraji au uchongaji asitegemee sanaa pekee, bali atafute na kibarua cha kumwongezea pato.

Ushauri wenyewe si mbaya. Msanii asiye na mwajiri hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Huko Ulaya na Marekani wako wasanii wanaojiandikisha kwa mawakala wa ajira, wapelekwe kazi za siku chache sanaa inapolala. Tatizo huzuka ushauri huo unapohamishiwa mzimamzima Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, bila kutazama kalenda.

Kinondo iko kusini mwa Diani. Hapo ndipo ulipo msitu wa Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Katika ufuo huu mnunuzi mkubwa wa sanaa ni mtalii. Ndiye atazamaye ngoma hotelini usiku, ndiye anunuaye kinyago na mkoba wa ukindu. Naye hufika kwa wingi kati ya Desemba na Machi, miezi iyo hiyo ambayo wakala husaka watu wa kubeba sahani, kufua mashuka na kupamba kumbi. Masika yakiingia, vyumba hubaki vitupu, baadhi ya hoteli hufungwa zikarabatiwe, na wakala naye hunyamaza. Kibarua cha namna hiyo hakimvushi msanii miezi ya dhiki. Humnyang'anya mavuno yake. Abebaye sahani usiku wa mkesha wa mwaka mpya hawezi kupiga ngoma usiku huo, hata kama ukumbi ni mmoja. Na watalii walipotoweka baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997, na tena wakati wa korona mwaka 2020, msukosuko uliomkumba mpiga ngoma ndio uliomkumba kibarua.

Anayelazimika kukishika kibarua hicho na aijue sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Basi atunze daftari la siku alizofanya kazi, na aulize mapema mwajiri wake hasa ni nani, hoteli au wakala, na wakala hubakiza kiasi gani. Mawakala waungwana wapo. Wapo pia wamsimamishao mtu siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha wakamwita tena. Hila hiyo ni kongwe.

Ila iko kazi ya muda ambayo kalenda yake humfaa msanii, nayo imo mikononi mwa wasomaji wa ukurasa huu. Tamasha la Muziki la Kenya, la shule na vyuo, hufikia kilele mwezi wa Agosti. Mazoezi na mashindano ya ngazi za chini huangukia muhula wa pili, hoteli zikiwa zimepooza. Shule inayotaka kuicheza sengenya ya Wadigo ipasavyo humhitaji mpiga ngoma wa kijijini, kwani mapigo yake hayajifunzwi ubaoni. Tumezoea kumwona akiitwa, akafundisha wiki kadhaa, kisha akapewa nauli, chai na shukrani. Shule hurudi na kikombe.

Fundi wa kupaka rangi madarasa hupatana bei kabla hajashika brashi, wala hakuna amwonaye mroho. Mpiga ngoma naye aandikiwe barua: atafundisha siku ngapi, kwa shilingi ngapi kwa siku, na zitalipwa lini. Fedha hizo bodi ya shule izitenge tangu Januari, pamoja na za sare na usafiri wa wanafunzi.