Siku Moja ya Mapumziko Mjini Kigali

Wajapani wana desturi ya kufunga safari, yaingiapo majira yao ya vuli, kwenda miji kama Kyoto kuyatazama majani ya miti yanavyogeuka mekundu, na kula vyakula vya huko waendako. Kwetu vuli ni mvua. Wanyarwanda huyaita majira hayo umuhindo, na wakati huo vilima vilivyokauka tangu Juni hurejea ukijani. Askari apataye ruhusa ya siku moja mjini Kigali hatajuta akichagua wakati huo.

Tulianzia Kagugu, kilima kilichomo katika tarafa ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na barabara ilijaa watoto wa shule na pikipiki za abiria. Magari huko hushika mkono wa kulia, kwa hiyo mgeni atokaye Tanzania, Kenya au Uganda yampasa atazame kushoto kwanza kabla ya kuvuka. Pikipiki huchukua abiria mmoja tu, naye hupewa kofia ya kujikinga. Ndugu zetu wa usalama barabarani wataelewa kwa nini tumelitaja jambo hilo.

Kifungua kinywa tulikipata katika kilabu cha maziwa. Naam, kilabu, ila pombe haimo. Mteja huletewa kikombe kikubwa cha ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, mazito na baridi, pamoja na chapati au andazi. Kwa shughuli ya kupanda na kushuka vilima, hatujui chakula kilicho bora zaidi.

Kutoka Kagugu hadi Gisozi si mbali. Hapo ndipo palipo makumbusho ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Tuliingia, tukatoka, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Mahali pa pili ni jengo la Bunge, Kimihurura. Kwa mujibu wa mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha tarehe 4 Agosti 1993, wapiganaji 600 wa RPF waliwekwa humo Desemba mwaka huo kuwalinda viongozi wao. Mauaji yalipoanza Aprili, walijikuta wamezingirwa, wakapigana kutoka hapo hapo. Tangu mwaka 2017 jengo hilo lina makumbusho ya vita hivyo, na mtu wa kazi yetu anaweza kusimama juu na kujipimia mwenyewe ugumu wa kukilinda kilima kile.

Lakini palipotushika zaidi ni Kambi Kigali, katikati ya mji. Tarehe 7 Aprili 1994, askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na luteni, walikuwa wakimlinda Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana. Walinyang'anywa silaha, wakaletwa kambini humo, wakauawa. Waziri Mkuu naye aliuawa siku hiyo hiyo. Leo zimesimama nguzo kumi za mawe, na katika kila nguzo imechongwa mistari ambayo idadi yake ni umri wa aliyeuawa. Matundu ya risasi yamo bado ukutani. Baada ya kifo chao Ubelgiji iliondoa kikosi chake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kulipunguza jeshi la Umoja wa Mataifa hadi watu 270 hivi. Kwa maoni yetu, ofisa yeyote anayejiandaa kwenda kulinda amani ugenini angefaa aihesabu mistari ile kwa kidole.

Saa tisa tuliteremka Biryogo na Nyamirambo, na hapo Kiswahili hakihitaji mkalimani. Kilifika huko zamani pamoja na wafanyabiashara na watumishi wa pwani waliofuatana na Wajerumani, na tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Katika Biryogo magari yamezuiwa kwenye baadhi ya njia, lami imepakwa rangi, na meza zimetandazwa nje. Tuliagiza mishikaki ya mbuzi, ambayo wenyeji huiita burusheti, na ndizi za kuchoma, tena agatogo, ambayo mla ndizi-nyama ataitambua mara moja, tena isombe. Hiyo ni kisamvu, lakini kimetwangwa laini na kupikwa kwa muda mrefu na karanga hata ladha ya jani ikatulia. Kando ya sahani huwekwa kichupa kidogo cha mafuta ya pilipili, akabanga. Hutiwa kwa matone. Mmoja wetu, kijana wa mizinga, alitia kama atiaye mchuzi, akamaliza maji ya meza nzima.

Mvua ilirudi tukiwa bado tunakula, ikatuzuia hadi magharibi, tukaagiza chai.

Atakayefuata njia hii asichague Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ya siku hiyo ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na maduka hufungwa mpaka iishe.