Umeuza friji mtandaoni, mnunuzi ataka pesa zake: sheria yasemaje?

Chukua mfano huu. Mama mmoja wa Mtwapa anahama nyumba. Anaweka tangazo katika kundi la WhatsApp la mtaa: "Friji ya milango 2, inafanya kazi vizuri, sh. 14,000." Mnunuzi anatoka Kikambala, anaitazama, analipa kwa M-Pesa na kuipakia kwenye tuktuk. Siku ya tatu ujumbe unaingia: "Mama, friji haigandishi. Nirudishie pesa zangu leo au tukutane polisi." Pesa zenyewe zimeshalipia karo.

Je, ni lazima azirudishe? Hapo ndipo majirani hugawanyika. Wengine watasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wengine watasema mteja ana haki siku zote. Kauli zote mbili si sheria. Ugomvi wa namna hii huamuliwa kwa kuangalia muuzaji alisema nini kuhusu kitu hicho, mnunuzi alipata nafasi gani ya kukikagua, na kilikuwa katika hali gani kilipokabidhiwa. Katika mfano wetu, maneno mazito kuliko yote ni yale matatu ya tangazo: "inafanya kazi vizuri".

Kwanza jiulize wewe ni nani mbele ya sheria. Wakazi wengi wameisikia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 na hudhani inambana kila anayeuza chochote. Sheria hiyo inamlenga anayefanya biashara ya kuuza bidhaa au huduma. Mtu anayeuza kochi lake moja kwa sababu anahama si mfanyabiashara. Anayemhusu zaidi ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo imekuwapo tangu enzi za ukoloni na bado inatumika, hata kwa mauzo yanayofanyika kwa simu usiku wa manane.

Sheria hiyo kongwe inampa muuzaji binafsi nafuu fulani. Mwenye duka la friji anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake inafaa kwa kazi yake, hata asipotamka neno. Wewe unayeuza friji uliyoitumia nyumbani hubebeshwi ahadi hiyo usiyoitoa. Lakini mambo matatu yanakubana sawasawa na mwenye duka: kitu kiwe mali yako ya kuuza, kilingane na maelezo uliyotoa, na usiseme uongo.

Tahadhari moja hapa. Kijana anayenunua simu kuukuu kila wiki na kuziuza tena mtandaoni hawezi kujificha nyuma ya nafuu hiyo. Huyo ni mfanyabiashara, hata kama duka lake lote liko mfukoni. Anawajibika kama wafanyabiashara wengine na anahitaji leseni ya biashara ya kaunti.

Turudi kwenye maelezo, maana huko ndiko kesi nyingi huzaliwa. Ukiandika "friji ya lita 200" na ikawa ya lita 150, mnunuzi ana haki ya kuikataa, hata kama inagandisha samaki hadi wawe mawe. Ukiandika "simu haijawahi kufunguliwa na fundi" na fundi wa Malindi akakuta kioo kimebadilishwa, umevunja makubaliano. Kuongeza maneno "inauzwa ilivyo" kunasaidia kwa kasoro ambazo hukuahidi chochote juu yake, lakini hakufuti uongo. Na ukijua fika kwamba kitu kina hitilafu kisha ukadai ni kizima ili upate pesa, unaweza kutoka kwenye deni la kawaida ukaingia kwenye jinai: kujipatia mali kwa udanganyifu kuna adhabu ya kifungo cha hadi miaka 3 chini ya Kanuni ya Adhabu.

Kwa hiyo andika kasoro waziwazi. "Mpira wa mlango umechakaa" ni sentensi inayopunguza bei kidogo na kukuokoa kesho. Wauzaji wengi huogopa kuiandika. Kwa maoni yetu ndiyo sentensi yenye faida kubwa kuliko zote katika tangazo.

Upande wa mnunuzi nao una wajibu. Aliyepewa nafasi ya kukagua kitu na kuridhika nacho hana nguvu nyingi za kulalamikia kasoro iliyokuwa wazi machoni. Mkwaruzo mlangoni, betri iliyovimba, mguu wa kiti uliopinda: haya alipaswa kuyaona. Ndiyo sababu ni vyema kukiwasha kitu mbele yake. Friji iwe imewashwa tangu asubuhi, afungue mwenyewe aone barafu. Televisheni iwashwe, sauti isikike. Mkiweza, chukueni video fupi akiwa anaitazama, kwa ridhaa yake.

Kwa friji kuna jambo la ziada ambalo huleta fitina kati ya watu wasio na kosa. Ikisafirishwa imelazwa, oili ya kompresa huweza kuhama na kuingia kwenye mabomba. Mafundi hushauri ikifika isimamishwe wima na iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Anayeiwasha pale pale anaweza kuiharibu, kisha akaamini kwa moyo wote kwamba ameuziwa mkangafu. Mweleze mnunuzi jambo hili kwa maandishi kabla tuktuk haijaondoka. Hasara inayotokea baada ya mali kuwa yake, kwa kawaida ni yake, ila itabidi ionekane kwamba ilipotoka kwako ilikuwa nzima.

Mambo hubadilika kitu kinapotumwa kwa basi kwa mtu ambaye hajakiona. Huyo hahesabiwi kuwa amekipokea moja kwa moja kwa sababu tu kifurushi kimefika stendi ya Mariakani; ana haki ya muda wa kutosha wa kukikagua. Muda huo si miezi. Akikaa nacho na kukitumia bila kusema neno, anakuwa amekikubali. Kuhusu kilichovunjika njiani, sheria kwa kawaida huchukulia kwamba kumkabidhi msafirishaji ni sawa na kumkabidhi mnunuzi, mradi ulikifunga vizuri na mkakubaliana kisafirishwe hivyo. Mkitaka vinginevyo, semezaneni kabla. Piga picha ya kifurushi kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, na uhifadhi risiti ya mizigo.

Kuna hali moja ambapo muuzaji asiye na hatia hana pa kutokea. Ikiwa simu uliyoiuza iligunduliwa kuwa ya wizi, mwenyewe anaweza kuichukua, na mnunuzi wako atakudai bei yote aliyolipa. Kusema kwamba na wewe uliinunua kwa nia njema hakukuondolei deni hilo. Itabidi na wewe umfuate aliyekuuzia. Tunza risiti za kununulia, na kwa simu andika nambari yake ya IMEI, ambayo hujitokeza ukibonyeza *#06#. Nambari hiyo ina kazi nyingine pia: mnunuzi akirudisha simu, utajua kama ni ileile au ni ndugu yake mbovu.

Si kila ombi la kurudishiwa pesa ni malalamiko ya kweli. Matapeli wana mbinu tatu zinazojirudia. Ya kwanza ni ujumbe bandia wa M-Pesa unaoonyesha umelipwa sh. 24,000 badala ya 14,000, kisha simu ya haraka: "Dada, nimekosea, nirudishie elfu kumi." Ujumbe halisi huingia kwa jina MPESA, si kutoka nambari ya kawaida ya simu. Hata hivyo usitegemee ujumbe pekee. Angalia salio lako. Ya pili ni mnunuzi anayelipa kweli, akachukua kitu, kisha akaomba Safaricom irudishe pesa kupitia 456 akidai alikosea nambari. Huduma hiyo ni ya waliokosea nambari, si ya kumaliza ugomvi wa bidhaa. Ukiarifiwa kuhusu ombi kama hilo, piga 100 mara moja ueleze kwamba ni malipo ya bidhaa, na uwe na mazungumzo yenu kama ushahidi. Ya tatu ni mnunuzi anayetaka marejesho yaende kwa nambari nyingine tofauti na iliyolipa. Kataa. Pesa zirudi zilikotoka, vinginevyo unaweza kujikuta unadaiwa mara mbili.

Sasa malalamiko yakiwa ya kweli, fanya nini? Usimfungie mnunuzi asikupate; ukimya wako utaonekana kama hila. Mwombe picha au video ya kasoro. Kama kuna uwezekano, fundi mmoja mnayekubaliana akitazame kitu hicho. Tena kurudisha pesa zote si njia pekee. Kama friji yenyewe ni nzima ila kifaa cha kudhibiti baridi kimekufa, mnaweza kukubaliana umpe gharama ya ukarabati. Mkikubaliana kurudishiana, kagua kitu kabla ya kutuma pesa, kisha muandikiane hata kwa ujumbe mfupi: "Nimepokea friji leo, nimerudisha sh. 14,000, hatudaiani."

Kuhusu tishio la polisi: deni la kawaida si kazi ya polisi kulikusanya. Wao huingia panapokuwa na dai la jinai, kama vile wizi au udanganyifu. Vivyo hivyo, mnunuzi anayesambaza picha yako katika makundi akikuita mwizi anaweza kuwajibika kwa kukuchafulia jina. Hifadhi ushahidi, usimjibu kwa matusi.

Mkishindwa kuelewana, ofisi ya chifu na wazee wa mtaa husuluhisha mambo kama haya bila gharama kubwa, na Katiba inatambua usuluhishi katika Kifungu cha 159. Kama anayelalamikiwa ni mfanyabiashara, fika pia katika ofisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu nawe, kwa kuwa uangalizi wa biashara ya haki ni jukumu ambalo Katiba imelipa serikali za kaunti.

Hatua ya mwisho ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi sh. 1,000,000, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na kwa Kiswahili. Mahakama hizi zimekuwa zikifunguliwa hatua kwa hatua tangu 2021. Mahali ambapo hazijafika, madai hupelekwa kwa mahakama ya hakimu. Kabla ya kwenda, mwandikie mwenzako barua au ujumbe wa kudai ukimpa siku za kujibu. Kisha beba kitambulisho, nakala ya tangazo lenyewe, mazungumzo yenu yote kuanzia la kwanza (si yale yanayokupendeza tu), taarifa ya M-Pesa inayopatikana kupitia *334#, risiti ya mizigo kama ipo, na maelezo ya fundi yaliyotiwa sahihi. Karani wa mahakama atakuonyesha fomu ya kujaza na ada ya kulipa.